Kichanga wa siku 19 ana homa, mkojo wa kuotesha unatakiwa: sindano juu ya kinena au mpira? Usiku hakuna ultrasaundi

zamu_ya_usiku

Habari za kazi wakuu. Swali kwa wanaoshughulika na vichanga kila siku.

Hospitali ya wilaya. Mtoto wa kiume, siku 19, alizaliwa miezi tisa, sasa ana kilo 3.4. Homa 38.6, ananyonya kivivu, hajapata degedege, tumbo ni laini. Damu ya kuotesha (kupandwa maabara kuona kama bakteria watakua) imeshatolewa. Daktari ameagiza mkojo wa kuotesha na ameandika kwa mkazo usichukuliwe kwa mfuko wa kubandika. Vilivyopo wodini: mipira ya kulishia Fr 5 na Fr 8 (namba kubwa ni mnene zaidi), katheta za puto za Fr 8 kwenda juu, sindano za G23 na G21 (hapa namba kubwa ni nyembamba zaidi). Ultrasaundi inafungwa saa kumi jioni.

Maswali:
1. Kwa mtoto wa umri huu, kipi kina hatari zaidi, kumchoma sindano juu ya kinena mpaka kwenye kibofu au kumpitisha mpira kwenye njia ya mkojo? Hatari zenyewe ni zipi hasa? Kila mtu anasema "kuna madhara" halafu anaishia hapo.
2. Kuna njia ya kuupata bila kumwingiza kitu chochote, na maabara wakaukubali?
3. Je, antibiotiki zisubiri mkojo?

---

bingwa_vichanga

Naanza na la tatu kwa sababu ndilo lenye saa. Hazisubiri. Kichanga wa siku 19 mwenye 38.6 na anayenyonya kivivu ni mgonjwa wa maambukizi makali mpaka ithibitike vinginevyo. Jipe dakika 20 au 30 za kutafuta mkojo wakati dawa zinaandaliwa. Ukikosa, choma dawa. Ni kweli antibiotiki ya jentamaisini hujikusanya kwenye mkojo na dozi moja inaweza kuufanya usioteshe kitu, kwa hiyo mkojo kabla ya dawa ni bora. Lakini mkojo uliokosekana unaweza kuishi nao, mtoto aliyecheleweshewa dawa huenda usiishi naye.

Jambo la pili watu wengi hulisahau: kabla ya kuuliza sindano au mpira, uliza kama mkojo unahitajika. Kwa mtoto aliye ndani ya saa 72 za kwanza anayeshukiwa kuwa na maambukizi, kuotesha mkojo si sehemu ya vipimo vya kawaida. Bakteria wakionekana kwenye mkojo siku hizo mara nyingi wametoka kwenye damu, na damu umeshaichukua. Bado naona fomu za vichanga wa siku moja zikiagiza mkojo kwa mpira. Hapo unampa mtoto hatari yote bila kupata jibu jipya. Isipokuwa kama kwenye ultrasaundi ya mimba figo zilionekana zimejaa maji, hiyo ni habari nyingine. Huyu wako ana siku 19, anahitaji.

Sasa njia ya bila kuingiza kitu. Ipo, na kwa vichanga wachanga kabisa inafanya kazi kuliko kwa mtoto wa miezi sita. Waliieleza madaktari wa Hispania mwaka 2013: watoto 80, wakapata mkojo kwa asilimia 86, wastani chini ya dakika moja tangu kuanza kuchochea. Inakwenda hivi:

Mtoto anyonye vizuri, kisha subiri kama dakika 25. Safisha sehemu za siri kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha kwa gozi safi. Msaidizi (mama anaweza kabisa) amshike mtoto chini ya makwapa, wima, miguu ikining'inia. Wewe gonga taratibu kwa ncha za vidole juu ya kinena, mapigo kama 100 kwa dakika, kwa sekunde 30. Halafu kanda kwa vidole gumba, kwa mizunguko midogo, pande mbili za uti wa mgongo sehemu ya kiuno, sekunde 30 nyingine. Rudia kwa zamu mpaka mkojo utoke au dakika 5 ziishe. Mtu wa tatu ashike chupa ikiwa IMESHAFUNGULIWA, kwa sababu mkojo ukianza hautangoji ufungue mfuniko. Acha matone ya mwanzo yaanguke, kinga ya katikati.

Usifanye hivyo kwa njiti aliye kwenye oksijeni, kwa mtoto aliyelegea, au mwenye shida ya kupumua. Kumning'iniza wima mtoto wa namna hiyo ni hatari kuliko mpira unaouogopa.

Ikishindikana, na bila ultrasaundi, mimi ningepitisha mpira. Sababu ni kwamba sindano ikikuta kibofu kitupu inakwenda kwenye utumbo. Mpira ukikuta kibofu kitupu unausubiri mkojo ujae.

---

mkongwe_wa_wodi

Nakubali mengi ila hilo la mwisho naliwekea pingamizi. Sindano juu ya kinena imepewa sifa mbaya isiyostahili. Kibofu cha kichanga hakijashuka kwenye nyonga kama cha mtu mzima, kiko tumboni, nyuma tu ya ukuta wa mbele, na kikijaa kinasukuma utumbo pembeni. Ndiyo maana njia hii inawafaa vichanga. Kwa upande wa kuchafuka kwa sampuli hakuna kinachoifikia: hospitali moja ya watoto Melbourne ilichapisha takwimu zake 2012, sampuli zilizochafuka zilikuwa asilimia 1 kwa sindano, 12 kwa mpira, 26 kwa kukinga. Sampuli chafu nayo ni hatari. Ina maana siku saba au kumi za antibiotiki za mshipani kwa mtoto asiye na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na ultrasaundi ya figo ambayo mzazi atailipia bure.

Kinachowaponza watu ni kuchoma kibofu kitupu. Karibu kila balaa la njia hii linaanzia hapo. Kwa hiyo:

Angalia nepi. Kama imelowa ndani ya nusu saa iliyopita, acha. Subiri iwe kavu kwa dakika 30 hadi 60 baada ya kukojoa na awe amenyonya. Gonga kwa vidole juu ya kinena: sauti butu vidole viwili juu ya mfupa, kuna kitu. Sauti ya ngoma, ni hewa ya utumbo, usichome. Mchana ukiwa na ultrasaundi tafuta weusi (ndio mkojo ndani ya kibofu) wenye kina cha milimita 15 hadi 20, chini ya hapo unacheza bahati nasibu.

Usimchome kabisa mtoto mwenye: tumbo lililovimba au linaloshukiwa kuwa na utumbo kuoza (njiti hasa), ini au wengu uliokuwa mkubwa, ngozi yenye usaha au kidonda pale pa kuchoma, upasuaji wa tumbo wa karibuni, kibofu kilichozaliwa wazi au kasoro nyingine ya maumbile ya sehemu hizo, na mwenye shida ya damu kuganda. Hilo la mwisho liulizwe kwa maneno mepesi: alichomwa vitamini K alipozaliwa? Waliozaliwa nyumbani au njiani wengi hawakuchomwa. Kitovu kinavuja damu? Matobo ya sindano za jana bado yanatoa damu? Basi hapana.

Utaratibu. Mtoto chali, msaidizi ashike miguu imekunjwa na kufunguliwa kama ya chura. Bomba la ml 5, sindano G23 ya bluu ya inchi moja. G21 yako iache kabatini. Wakati unapaka dawa ya kusafisha, ile baridi yenyewe inamkojoza mtoto, kwa hiyo msaidizi abane kidogo shina la uume kwa vidole viwili (wa kike, kidole chenye glavu kikandamize taratibu tundu la mkojo), na chupa safi iwe wazi pembeni. Akikojoa kabla hujachoma, kinga. Umeshapata mkojo bila sindano, mshukuru.

Mahali: mstari wa katikati, sentimita 1 juu ya mfupa wa kinena, kwa kawaida pale kwenye mkunjo wa ngozi. Sindano iingie wima, nyuzi 90. Vuta bomba KIDOGO unapoendelea kuingia. Kibofu utakikuta ndani ya sentimita 2 hadi 3. Mkojo ukionekana simama hapohapo, ml 1 au 2 zinatosha, toa. Ukivuta kwa nguvu, ukuta wa kibofu unanyonywa kwenye ncha ya sindano, mkojo unakatika na mtoto anatoka damu. Usipopata, toa sindano yote kwa njia ileile iliyoingia. Kamwe usiizungushe ndani kutafuta, ncha inapochora duara tumboni ndipo inapokata. Mara mbili, basi. Baada ya hapo subiri saa nzima au badilisha njia.

---

zamu_ya_usiku

Asante sana daktari, na wewe mkongwe. Nimeelewa kuhusu kibofu kitupu. Sasa ikitokea nimevuta nikapata damu, au kitu kinachofanana na choo, nafanyaje?

---

mkongwe_wa_wodi

Damu ya kuonekana kwa darubini tu ni ya kawaida baada ya kuchoma na huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Nepi yenye wekundu wa kufifia mara moja au mbili, angalia tu. Mabonge ya damu, wekundu unaozidi, au mtoto hakojoi kabisa baada ya hapo: mwite daktari, huenda kuna damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa kibofu au bonge limeziba njia.

Hewa au choo kwenye bomba maana yake umeingia utumbo. Toa sindano, tupa sampuli (ikiotesha vimelea vya aina tatu utajua umetoa wapi), badilisha kila kitu. Tobo la G23 kwenye utumbo wenye afya kwa kawaida hujifunga lenyewe, na hapo ndipo unaona kwa nini sikutaka uchukue G21. Lakini mtoto awekwe chini ya uangalizi: tumbo likivimba, akitapika kijani, ngozi ya tumbo ikibadilika rangi, akiguswa analia tofauti na kawaida yake, huyo anahitaji picha na daktari wa upasuaji usiku huohuo. Ukuta wa tumbo nao unaweza kutunga usaha siku chache baadaye, kwa hiyo mama aonyeshwe pale palipochomwa na aambiwe arudi pakiwa pekundu au pagumu.

Andika kwenye faili umechoma mara ngapi. Mwenzako wa asubuhi asipojua atachoma tena.

---

bingwa_vichanga

Mkongwe nakupa haki yako, kwa mwenye mkono uliozoea. Kwa anayeuliza mtandaoni usiku bado nabaki na mpira 😄. Pia maumivu: tafiti zilizolinganisha hizi mbili zimeonyesha sindano inauma zaidi.

Ila nisiuache mpira uonekane hauna meno. Hatari zake ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nyingi ni za mkono wa mpitishaji.

Ukubwa. Chini ya gramu 1000 ni Fr 3.5. Kati ya 1000 na 1800 ni Fr 5. Juu ya hapo vitabu vinaruhusu hadi Fr 8, lakini kwa sampuli ya mara moja sioni sababu ya kumwekea mtoto wa kiume wa kilo 3.4 mpira wa Fr 8 wakati Fr 5 ipo. Mpira mnene unakwaruza mrija wa mkojo, na mkwaruzo kwa mtoto wa kiume unaweza kupona kwa kovu linalobana njia. Kovu hilo halionekani leo, linaonekana miaka baadaye mtoto anapokojoa kwa kusukuma. Katheta ya puto ya Fr 8 usiiguse kwa kazi hii. Puto likijazwa likiwa bado kwenye mrija wa mkojo linaupasua.

Urefu. Hapa ndipo pa kuandika kwa wino mwekundu. Mpira wa kulishia ni laini, mwembamba na mrefu. Ukisukuma mwingi kupita kiasi, unajikunja ndani ya kibofu. Mkojo ukitoka kibofu kinasinyaa juu ya ule mzingo, ncha inapita katikati ya kitanzi, na unapovuta kutoa, fundo linakaza. Madaktari wameandika visa hivi tena na tena, na karibu vyote ni mipira myembamba ya kulishia iliyoingizwa mirefu. Kwa hiyo pima kabla, na ingiza mpaka mkojo utokee, ongeza nusu sentimita, simama. Mtoto wa kiume aliyezaliwa kwa miezi tisa kamili, kama umefika karibu sentimita 6 na mkojo hakuna, usiendelee kusukuma ukidhani bado hujafika. Ama kibofu ni kitupu, ama mpira umejikunja mahali. Subiri dakika kadhaa, mkandamize kidogo sana juu ya kinena. Kwa mtoto wa kike njia ni fupi zaidi, kwa hiyo kosa linakuja upesi zaidi.

Ukinzani. Uume ushikwe wima, uvutwe kidogo kunyoosha njia. Karibu na kibofu utahisi msuli unakataa. Usisukume kwa nguvu. Shikilia mgandamizo mdogo usiobadilika, mpe nyonyo, subiri alegee kati ya vilio viwili, utapita wenyewe. Anayesukuma kwa nguvu hapo hutengeneza njia ya uongo: mpira unatoboa ukuta wa mrija na kuingia kwenye nyama. Damu mbichi kwenye tundu bila mkojo, acha kabisa, usijaribu na mpira mwingine.

Govi. Kwa kichanga govi limeshikamana na kichwa cha uume, ndivyo alivyoumbwa. Livute taratibu kiasi cha kuona tundu tu. Lisipoonekana, elekeza ncha katikati na uhisi. Usilirudishe nyuma kwa nguvu, linachanika, na likibaki nyuma linakaba shingo ya uume na kuvimba. Ukimaliza, lirudishe mahali pake. Inasahaulika mno, hasa pale msaidizi anaposafisha na mpitishaji hajui lilivyokuwa mwanzo.

Wa kike. Mpira ukiingia ukeni, usiutoe. Uache hapo uwe alama, chukua mpya, lenga juu yake. Uliotoka ukeni haurudi kwenye njia ya mkojo.

Maambukizi. Mpira unapita sehemu yenye bakteria kwenda sehemu isiyo nao. Kwa hiyo glavu tasa, mpira tasa uliofunguliwa sasa hivi, na ukigusa paja au nepi ni wa kutupa. Ukishapata sampuli toa. Ile tabia ya kusema "tuuache tu tupime na mkojo wa saa 24" ndiyo inayomletea UTI mtoto aliyekuja hana.

Kwa ngozi: povidoni, iache ikauke, kisha ifute kwa maji tasa kabla ya kuchukua. Ikidondokea kwenye chupa inaua vimelea unavyovitafuta. Kwa njiti wa wiki 26 au 27 epuka dawa zenye spiriti, zinaunguza ngozi kama moto.

Na mtoto wa mgongo wazi asiguswe na glavu wala mpira wa lateksi tangu siku ya kwanza. Watapitishiwa mipira maisha yao yote na ndio wanaopata mzio mkali wa lateksi.

---

sista_kangaruu

Naongezea maumivu maana yametajwa na kuachwa. Kwa njia yoyote kati ya hizi mbili mpe kitu kitamu dakika 2 kabla: sukari ya asilimia 24 kama ipo, kiasi cha ml 0.5 hadi 1 kwa mtoto aliyezaliwa kwa miezi tisa kamili, matone juu ya ulimi, si kwa mkupuo. Wodi nyingi hazina, lakini dekstrosi ya asilimia 50 ipo: changanya nusu kwa nusu na maji tasa ya sindano unapata 25. Andika lebo, dekstrosi kali isije ikachomwa mshipani kwa bahati mbaya. Kwa njiti punguza iwe matone machache tu, au tumia maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mtoto ashikwe, miguu pekee ndiyo iwe nje ya kitenge, na mama awe kichwani mwake.

Krimu ya ganzi kwa sindano inahitaji karibu saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo kwa homa ya usiku haisaidii. Na kwa njiti ni ya kuepuka, inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Mama aelezwe kabla. Wakisikia "sindano ya tumboni" wanadhani mtoto anafanyiwa upasuaji. Sentensi tatu zinatosha: tunatafuta chanzo cha homa, mkojo unapatikana kwa njia hii, anaweza kukojoa wekundu kidogo leo na kesho.

---

benchi_la_maabara

Nyinyi mnabishana sindano au mpira halafu sampuli inafika kwetu fomu imeandikwa "mkojo" basi. Tafadhali ANDIKENI NJIA ILIYOTUMIKA. Jibu lile lile lina maana tofauti kabisa.

Mfano: E. koli pekee, bakteria 20,000 kwa ml. Kama ulitoka kwa sindano, hiyo ni UTI, maana kwa sindano ukuaji wowote wa bakteria wa aina hiyo una maana. Kama ni kwa mpira, wenye seli nyeupe (dalili ya maambukizi) na mtoto mgonjwa, wataalamu wengi watautibu (viwango vinatofautiana, kati ya 1,000 na 50,000). Kama ni wa kukinga, uko ukingoni, wengi wanataka 100,000 au angalau 10,000 mtoto akiwa na dalili. Kama ni wa mfuko, sina la kukuambia. Mfuko unafaa kwa kitu kimoja: ukiwa safi kwenye kijiti (cha kuchovya kwenye mkojo) na darubini unasaidia kuondoa wasiwasi kwa mtoto mkubwa kidogo asiyeumwa sana. Kuotesha, hapana. Daktari wako alikuwa sahihi.

Pia njia inabadilisha namna tunavyopanda. Kitanzi cha kawaida tunachopandia mkojo kwenye sahani kinabeba mikrolita 1, koloni moja ni sawa na 1,000 kwa ml. Tukipanda hivyo mkojo wa sindano wenye bakteria 300 kwa ml, sahani inaweza kutoka tupu na tukakuandikia hakuna ukuaji. Tukijua ni wa sindano tunapanda mikrolita 10 au 100 na kuiacha hadi saa 48.

Mengine yanayoharibu:

Chupa zenye unga wa boriki (dawa ya kuhifadhi mkojo) zimetengenezwa kwa mkojo wa ml 20 au zaidi. Ukiweka ml 2 za kichanga, dawa inakuwa kali na inaua bakteria. Tumia chupa tupu tasa, au leta bomba lenyewe likiwa na kifuniko (bila sindano, jamani).

Ifike ndani ya saa moja. Usiku maabara imefungwa? Friji, nyuzi 4, hadi saa 24. Si dirishani. Mkojo ulioachwa mezani kwa muda wa saa nne kwenye joto la Dar au Mombasa unazalisha bakteria wenyewe.

Kijiti: naitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo) ikiwa hasi kwa kichanga haimaanishi kitu. Bakteria wanahitaji karibu saa 4 ndani ya kibofu kuitengeneza, na mtoto huyu anakojoa kila baada ya muda mfupi. Ikiwa chanya, iamini.

---

zamu_ya_usiku

Shukrani wote. Nimeandika fomu "umekingwa baada ya kuchochea, kabla ya antibiotiki". Umetoka mzunguko wa tatu, kama ml 3, upo kwenye friji na dawa zimeanza.

Swali la mwisho kwa faida ya wengine: ikitokea mpira unakataa kutoka, hatua ni zipi? Wodini ushauri wa kwanza huwa "vuta taratibu".

---

bingwa_vichanga

Usivute. Wala taratibu. Kila mvuto unakaza fundo, na fundo lililokazwa likilazimishwa kupita linachana mrija mzima.

Kwanza, jaribu kuusukuma ndani sentimita moja na kuurudisha mara moja tu, kama ulikuwa umekunjika bila fundo utalegea. Pili, ukikataa, ubandike kwenye paja au tumbo usije ukavutwa na nepi, na usiukate. Watu huukata wakidhani utatoka na mkojo, halafu kipande kinapotelea ndani. Tatu, picha ya eksirei ya nyonga. Mipira mingi ya kulishia ina mstari unaoonekana, utaona fundo. Nne, rufaa kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo. Huko wanaweza kupitisha waya laini ndani ya mpira chini ya eksirei na kufungua kitanzi, na ikishindikana wanautoa kupitia juu ya kinena akiwa amelala kwa dawa. Antibiotiki ziendelee, na mpe nafasi ya kukojoa pembeni ya mpira. Kibofu kikijaa na hakitoki kitu, mweleze daktari wa rufaa kwa simu kabla gari halijaondoka.

Na kwa mtoto wako, matokeo yakitoka UTI: akiwa wa kiume, umri huu, muulize mama mkojo unatoka kwa mrusho au unadondoka. Ukidondoka na kibofu kinapapasika hata baada ya kukojoa, fikiria vizuizi vya kuzaliwa navyo kwenye mrija wa mkojo. Hapo mpira unageuka kuwa tiba, unawekwa na kubaki mpaka apate upasuaji, na mkojo utakaomwagika baada ya kufungulia unaweza kuwa mwingi kiasi cha kumkausha maji na chumvi. Mpimeni uzito kila baada ya saa 12 na chumvi za damu kila mnapoweza.

---

mkongwe_wa_wodi

Na ultrasaundi ya figo na kibofu ifanyike kabla hajaruhusiwa, mwandikieni leo asubuhi wakifungua. Akiondoka bila miadi ya kipimo hicho, kumpata tena ni kazi.